Pini ya Bunduki ya Bwana

Mlangoni mwa jiko, fundi wa Ngara aliigeuza ile bunduki ya marisau, akaisoma chapa iliyo chini ya mtutu.

"Ya Ubelgiji, Bwana, mzee kabisa hii. Pini yake ya kugonga risasi hapana patikana Nairobi nzima. Nipe ile ya zamani, nitachonga ingine kama yeye."

"Ilipotea hapa nyumbani. Milcah! Wewe iko ona pini ya bunduki?"

Milcah, mpishi wao, alimtazama Memsabu, mke wa Bwana. Alama ya mtutu ilikuwa bado shingoni mwa Memsabu, tangu Bwana alipolewa Jumamosi.

Tangu abatizwe, Milcah hakuwahi kusema uongo.

Alitia kijiko ndani ya kopo la chumvi. Kikagusa ile pini. Akachota chumvi taratibu, akakoleza mchuzi.

"Sijaiona, Bwana."

"Basi," fundi akasema, "hii sasa fimbo tu."