Siku ya Kusukwa

Kila Ijumaa, kama sheria inavyotaka, ndugu huunganisha kumbukumbu zao kwa mashine. Zamani zikigongana, mashine ilibakiza ya mkubwa na kufuta ya mdogo. Leo, kwa mara ya kwanza, ilisimama ikauliza: siku ile mama aliimba, au alilia?

“Aliimba. Alikuwa ananisuka,” alisema Sikudhani.

“Dada, wewe ulimpa mgongo,” mdogo wake Zamda alimjibu. “Mimi nilimwona usoni.”

Wakachagua zote mbili. Ukutani akatokea mama yao, mzima kabisa, anaimba huku machozi yakidondokea nywele za bintiye.

Mashine ikauliza tena, kwa upole: “Siku hiyo Sikudhani anakumbuka bati likimvujia mvua kichwani. Zamda anakumbuka jua. Bati lifutwe?”

Sikudhani akapeleka mkono utosini.