Pigo la Nne

Je, umewahi kumwona mtu akilia kwa sababu mnazi umegongwa?

Mbeyu alilia. Alikuwa uani, ungo magotini, anapepeta mchele, aliposikia nyuma ya ua wa makuti: ko, ko, ko. Kisha kimya kidogo. Kisha ko moja, jepesi. Ungo ukamponyoka, mchele ukatawanyika, kuku wakaukimbilia. Naye akajifunika uso kwa leso, akalia mpaka mabega yakatikisika.

Wanawake waliokuja kumpa pole wakatazamana. Wakasema maskini, mwezi umepita na bado anamlilia mumewe Chande namna hii. Wake wa siku hizi hawako hivyo. Mkwewe, Mwanaima, alikuwa karibu. Aliinama, akaokota mchele punje kwa punje, akaurudisha kwenye ungo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, huko Msambweni, na Mbeyu yumo edani. Miezi minne na siku kumi: hana wanja, hana udi, hatoki nje ya ua, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Chande hakuwa mtu mbaya. Alimwoa Mbeyu kwa kuozwa, akamlisha, akamvika, na homa ikamchukua kwa siku tatu. Mbeyu alimwosha miguu mpaka siku ya mwisho. Lakini kumlilia, machozi hayakuja.

Sasa, desturi ya wagema ni hii. Mgema akiwa juu ya mnazi huona nyua zote, na mabafu yetu hayana mapaa. Kwa hiyo kabla ya kupanda hugonga shina mara tatu kwa mpini wa kotama, kisu chake cha kugemea, wanawake wajisitiri. Mara tatu, basi. Kalama, aliyegema minazi ya Mwanaima asubuhi na jioni, aligonga tatu, akangoja kidogo, akaongeza moja. Hiyo moja ilikuwa ya Mbeyu.

Mbeyu hakuijibu hata siku moja. Ikigongwa, moyo humruka, na kwa hofu hutafuta cha kugombeza: kuku, kuni mbichi, moshi. Siku moja alikigombeza kinu, mpaka Mwanaima akamwuliza kwa upole kinu kimemkosea nini.

Maneno yao yote yalikuwa mara moja tu, kisimani, kabla Chande hajaugua. Kalama alisimama mbali, kama inavyopasa, akitazama chini. Alimwambia kwamba anajua yeye ni mke wa mtu, naye mwenyewe si Mwislamu, na kazi yake ni kugema tembo, kileo cha mnazi. Kisha akasema, "Ikiwa siku moja utakuwa huru, niite kwa jina langu. Nitashuka. Kotama nitaiacha huko huko juu, niende kusilimu."

Mbeyu alibeba ndoo yake akaenda zake bila kuitikia. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani: kulitamka jina lile kwa sauti, mara moja.

Sasa utaelewa kwa nini alilia siku ile ya mchele. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku sita, na siku sita hakukuwa na kugonga. Alasiri moja ngoma ilisikika kutoka kwa wagema, na Mwanaima akafunga mlango, akasema, "Wana ngoma yao hao." Mbeyu hakulala. Aliona mashina yenye utelezi kila alipofumba macho. Siku ya saba mnazi ukagongwa, tatu na moja. Ile moja ilikuja upesi kuliko zamani, naye akadhani ni shauku.

Tangu siku ile ya ngoma Mwanaima alianza kwenda mwenyewe kumwaga majivu, tena nyuma kabisa, minazini. Wanawake wakija, aliwapokea mlangoni, akawanong'oneza kabla hawajaingia. Mbeyu aliyaona yote, akaingiwa na baridi. Amejua, alisema moyoni. Anapeleleza. Atanirudisha kwetu Bodo na aibu yangu kichwani.

Siku zikaisha. Asubuhi ya kutoka eda Mwanaima alimwogesha kwa mikono yake, akamfunga leso mpya, akamchana nywele taratibu, kana kwamba hataki kumaliza.

"Mbeyu, mwanangu," akasema, "keti kwanza. Nina neno."

Ko, ko, ko. Ko.

Mbeyu aliinuka. Hofu yote ya siku zile ilimtoka kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Alipita mlangoni, akazunguka ua bila viatu, akasimama chini ya mnazi. Huko juu kotama ilikuwa ikikwaruza.

"Kalama," akaita.

Kotama ikanyamaza. Mtu akaanza kushuka, polepole, kama asiyetaka kufika. Mbeyu alitazama chini kwa haya, mpaka nyayo zikatua mchangani. Zilikuwa pana, zimepasuka visigino, nyayo za mtu mzima kuliko Kalama.

Alikuwa Mwinga, kaka yake Kalama.

"Tulimzika siku zile za mvua, Bi Mbeyu," akasema. "Aliteleza."

Mbeyu akauliza, "Na ya nne? Nani alikwambia ya nne?"

Mwinga aliinua macho. Alitazama nyuma ya Mbeyu, aliposimama Mwanaima na chanuo bado mkononi.

"Kila asubuhi nilitaka kukwambia," Mwanaima akasema. "Lakini nilikuwa nimeshamzika mwanangu. Niliogopa kukuzika na wewe."