Kiwanja cha Kwanza, Mtoni

Haya aliniambia mume wangu Theodory, masika yaliyopita, siku aliyoacha kula.

Mwaka sabini na nne yeye na wenzake walihamishiwa kijiji kipya kando ya mto Mkondoa. Karani Damiano aliandika majina kwa jinsi watu walivyofika, kisha akawaonyesha viwanja kwa kufuata daftari. Kiwanja cha kwanza kilikuwa bondeni, maji mlangoni. Kuanzia cha pili, vyote vilikuwa juu ya korongo, mpaka kilimani kwenye mawe.

Theodory, kapera, alikuwa wa kwanza. Sikuzani alikuwa wa pili. Mama yake alikuwa amepooza miguu, na alishaungua mkono motoni Sikuzani akiwa kisimani.

Sikuzani akarudi kwa karani kujiandikisha tena, akitaka kile cha maji mlangoni.

"Jina haliingii mara mbili, dada," Damiano akacheka. "Hata uje mara kumi, wewe ni wa pili tu."

Akashuka bondeni kumwomba Theodory. Alimkuta amesimama chini ya mkuyu, anatazama udongo ulioganda kwenye shina, juu kuliko kichwa chake.

"Mchwa hao, kaka?"

"Mchwa," akajibu.

Sikuzani akaeleza shida yake. Theodory hakumwacha amalize. Wakapanda pamoja kwa karani.

"Nifute."

"Nikikufuta, kurudi ni mkiani," Damiano akaonya. "Nyuma ya watu sitini."

"Niandike mkiani."

Sikuzani alimpigia magoti kumshukuru. Wengine wakacheka: "Utalima mawe, bwana! Hata mbuzi watakukimbia!"

Masika ya pili, maji ya mto yalishuka ghafla kutoka milimani saa nne asubuhi, jua linawaka, yakafunika bonde. Watu walipokusanyika kilimani, Damiano akafungua daftari lile lile.

"Sikuzani!"

Kimya. Akaita tena. Akaendelea na wengine, nao wakaitika mmoja mmoja, mpaka jina la mwisho.

"Theodory!"

"Nipo."

Wanawake walimlilia Sikuzani. Theodory alitoa nafasi yake kwa wema, walisema, na tazama wema ulivyomlipa. Tangu siku hiyo aliitwa mtu wa huruma. Mimi mwenyewe nilikubali posa yake kwa ajili hiyo.

"Ule udongo wa kwenye mkuyu," aliniambia, "haukuwa wa mchwa. Mto ulishafika pale, nikiwa mtoto nachunga bonde lile."

Akageukia ukutani, akalala.