Blanketi la Bi Mashavu

Siku hizi roboti haruhusiwi kumzidi nguvu binadamu anayefanya naye kazi. Huipima nguvu yake mkononi, kisha hutoa kadiri ileile. Bi Mashavu na roboti wake walikamua blanketi, huyu akisokota huku, yule kule. Walipolianika, likachuruzika maji kama halijaguswa.

"Mama, roboti huyu kachoka," alisema bintiye, Raya. "Kesho nakuletea mwingine."

Bi Mashavu aliliendea blanketi. Huyo mwingine naye angeshika blanketi, akajua ni nguvu za nani zilizopungua.

"Hana ubovu," alisema, akaliteremsha. "Shika, tukamue tena."

Alijifunga kibwebwe, akasokota kwa nguvu zote zilizombakia. Roboti akasokota vilevile. Yalidondoka matone matatu, na upande wa pili vidole vya chuma vikaanza kutetemeka kama vyake.