Kinga ya Nyumba Moja

Siku hizo kila familia ilichanjwa kinga yake, na askari wa mwili walitambua ngozi za watu wa nyumba ile tu. Mgeni akikugusa, pale alipokushika palivimba na kupata moto.

Kibwana na bintiye Mwantumu walirudi kutoka kwa bibi baada ya miezi minne. Kibwana alimshika mkewe Sikudhani mkono, na kabla chai haijapoa kiganja cha mkewe kilikuwa kimeumuka.

"Labda ni sabuni ya kule," Kibwana alisema.

Sikudhani alimtazama anavyokoroga chai, akitafuta kosa. Sura ilikuwa ya mumewe, hata kovu la kidevuni. Lakini askari wa mwili hawadanganyiki kwa sura.

"Mwantumu, hebu mshike baba yako mkono."

Mtoto alimshika. Wakangoja. Ngozi zao zilibaki laini.

Sikudhani akashusha pumzi, akamkumbatia mwanawe. Mtoto alitulia kidogo, kisha akaanza kujikuna shingoni.

"Mama, unaniunguza."

Kibwana aliweka kikombe chini, akamvuta mtoto upande wake taratibu.

"Sikudhani yuko wapi?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake.