Kisa cha Mia Nne na Kumi na Tatu

"Dokta Pettway, panda tu jukwaani, picha tutabadilisha kesho," mwenyekiti wa tuzo, Mzungu mwenye tai nyekundu, alininong'oneza.

"Kesho ukumbi utakuwa mtupu. Itoe sasa hivi."

"Fundi ameenda kula. Halafu, kusema kweli, mnafanana."

Nilitazama picha ile kubwa ukutani, yenye jina langu chini yake. Mwanamke yule Mweusi alikuwa na rasta hadi kiunoni, na hajafika miaka arobaini. Mimi nina sitini na moja, na kichwa nimenyoa.

"Mama, huyo nani?" binti yangu aliuliza.

"Mtu wa Atlanta. Anafundisha takwimu."

"Basi kampokelee tuzo yake, aiskrimu yetu hapa mezani inayeyuka."

Tuzo ilikuwa ya utafiti wangu wa miaka tisa: jinsi washauri nasaha Wazungu wanavyowachanganya wateja wao Weusi, huyu akapewa jina la yule, na yule msiba wa huyu.

Nilipanda. Mwenyekiti alininyooshea ngao ya kioo, sikuipokea.

"Nilikusanya visa mia nne na kumi na viwili," niliuambia ukumbi, nikionyesha ukutani. "Hiki ni kipya. Mwenyekiti, kabla sijakiandika, hebu rudia ulichoniambia pale chini."

Nikamgeuzia kipaza sauti.