Waya wa Zambarau

Fundi kutoka mjini Embu alichungulia chini ya usukani wa boti, akaguna. Nyaya zote zilikuwa nyeusi, zimesokotana kama matumbo ya mbuzi.

"Huyu mzee alifunga redio ama mtego wa panya? Kata zote, madam, tuanze upya."

"Hakuna kukata," alisema Wawira. Mzee huyo alikuwa marehemu baba yake, aliyevusha watu bwawa la Kiambere miaka ishirini. Sasa boti ilikuwa ya Wawira.

Akapitisha vidole kwenye nyaya. Kila mmoja ulifungwa kipande cha uzi wa mkonge, ule ule ambao mama yake hufumia vyondo, vikapu vyake vya kuuza. Wenye uzi mwekundu ulikwenda kulia, wa kijani kushoto. Akaziunga kwa rangi, na muda si muda spika nne zikaanza kuimba.

Fundi akakuna kichwa. "Na huu wa zambarau?"

Rangi ya zambarau mama aliitia kwenye vyondo vyake mwenyewe tu, si vya kuuza. Wawira aliufuata waya huo kwa magoti hadi mbele kabisa ya boti. Hapo palikuwa na spika ya tano, iliyowapa abiria mgongo ikatazama ng'ambo, kwenye shamba lao. Waya ulikuwa umekatika. Akauunga.

Wimbo ukavuka maji. Ng'ambo, mama aliyekuwa akipalilia ndengu akaangusha jembe, akarekebisha kitambaa kichwani, akaanza kuteremka kuja kupokea boti, kama enzi za mzee.

Wawira akanyoosha mgongo, akashika usukani.

"Haya, fundi. Sema tena huyo mzee alifunga nini."